Wanajificha tukija na sindano: jibu kwa mhudumu wa VHT wa Kisoro

Swali: "Mimi ni mhudumu wa VHT, yaani timu ya afya ya kijiji, wilayani Kisoro, Uganda. Huku karibu na mpaka wa Bunagana Kiswahili tumekizoea, ndiyo maana nakuandikia kwa lugha hii. Katika eneo langu kuna makazi ya Watwa, kaya 18. Siku ya chanjo tukifika na muuguzi, baadhi ya akina mama huingia mashambani na watoto wao mpaka tuondoke. Wengine huja mara moja, hawarudi tena. Mama mmoja aliniambia, 'Hata siku mnatutoa msituni mlisema ni kwa faida yetu.' Nilikosa la kujibu. Mtoto wake ana miezi 11 na hajapata chanjo ya surua. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anasema sasa tutumie sheria. Nifanyeje?"

Jibu:

Dada yangu, nimefanya uuguzi wa afya ya jamii kwa miaka 26, sehemu kubwa Karamoja na miaka michache huko kwenu Kigezi. Barua yako nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu, kwa sababu ya lile neno la yule mama.

Neno lake ni la kweli. Misitu ya Bwindi na Mgahinga, walikokuwa wakiishi Watwa, ilifanywa hifadhi za taifa mwaka 1991, wakatolewa, na wengi wao mpaka leo wanaishi kwenye ardhi ya watu wengine wakilima vibarua ili wapate chakula cha siku. Mwezi wa Agosti 2021 hata Mahakama ya Katiba ilisema hawakulipwa fidia ya kutosha. Kwa hiyo mama anayekuambia hivyo haumwi ujinga. Anakumbuka. Amewahi kuona watu wenye karatasi na magari wakija na maneno matamu, na anajua yaliyofuata.

Usimjibu kwa somo la vijidudu. Mwambie, "Ni kweli mama, mlidhulumiwa." Kisha nyamaza kidogo, umpe nafasi ya kusema. Akishasema, mtolee kadi ya chanjo ya mtoto wako mwenyewe, umwonyeshe tarehe moja baada ya nyingine. Kama mtoto wako yupo karibu, mwonyeshe na kovu la BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, begani. Msituni walitolewa wao peke yao. Sindano hii anachomwa mtoto wako, mtoto wa muuguzi na mtoto wa waziri kule Kampala. Tofauti hiyo ataiona kwa macho yake, nawe hutahitaji kuieleza sana.

Sasa tuje kwenye kazi. Kabla ya kampeni yoyote, kaa chini na kadi zao na rejesta ya kituo. Ratiba unaijua: BCG na matone ya polio anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua na rubela miezi 9 na tena miezi 18. Kwa kila mtoto tafuta mahali safari ilipokatika. Asiye na dozi hata moja muweke upande mmoja. Aliyepata BCG na DPT (dondakoo, kifaduro na pepopunda) ya kwanza, halafu basi, muweke upande mwingine. Usiwachanganye, maana dawa yao si moja. Mama aliyembeba mtoto wake akaja mara ya kwanza hakuwa na tatizo la imani. Alikuja. Kuna jambo lilitokea siku ile, au baada ya siku ile, likamvunja moyo. Ukimhubiria faida za chanjo unamhubiria aliyekwisha okoka.

Nitakupa kisa changu mwenyewe, nacho hakinipi sifa. Nilikuwa bado mgeni kazini, kwenye kituo kimoja cha afya huko Karamoja. Mama wa Kitepeth, jamii ndogo ya kule, alishuka kutoka mlimani, mwendo wa nusu siku, mtoto wa miezi 9 mgongoni. Mtoto wa surua siku hiyo alikuwa huyo peke yake. Chupa ya surua tuliyokuwa nayo ilikuwa ya dozi 10, na ikishachanganywa hutupwa baada ya muda usiozidi saa 6. Nikamwambia arudi Alhamisi, watoto wakiwa wengi. Hakurudi Alhamisi hiyo wala iliyofuata. Kwenye rejesta nikamwandika kuwa mtoro, kwa mkono wangu huu. Miaka ilipita kabla sijaelewa nilichokiandika.

Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Dozi tisa zinazomwagwa zina hasara yake, naijua, na muuguzi mwenye chupa chache anaogopa kuulizwa na wilaya. Lakini surua inaenea kuliko karibu ugonjwa wowote tunaoujua, na mahali watoto wasiochanjwa wamekaa pamoja kama katika kaya zako 18, mtoto mmoja akiugua wengine wanafuata. Kata inaweza kuwa na hesabu nzuri ya watoto tisa kwa kila kumi, na yule wa kumi akawa ni Mtwa kila mara. Hesabu ya wilaya haitakuonyesha hilo. Wewe unaliona kwa sababu unapita mlangoni.

Kwa hiyo zungumza na muuguzi wako kabla ya siku yenyewe. Mwambie: Jumanne nakuja na watoto watatu wa surua, nitakupigia simu Jumatatu kukuthibitishia. Akikubali kufungua chupa, mama asirudishwe kwa sababu nyingine ndogo. Mafua si sababu. Homa ndogo si sababu. Kupoteza kadi si sababu kabisa.

Hili la kadi linaniuma. Nyumba inavuja, familia inahama shamba hili kwenda lile, karatasi inaloa au panya anaila. Mama anafika kituoni bila kadi, anakaripiwa mbele ya watu, na aibu hiyo anaibeba mpaka nyumbani. Mwaka mzima hatatia mguu. Weka wewe daftari la makazi yale: jina la mtoto, la mama, la bibi anayemlea, na tarehe za dozi. Waombe kituo mifuko ya plastiki ya kuhifadhia kadi, na kama haipo, mfuko wa chumvi uliooshwa unatosha. Na jambo ambalo hata baadhi ya wauguzi wanalisahau: dozi iliyokwisha kuingia mwilini haifutiki. Mtoto aliyekawia miezi 5 kati ya DPT ya kwanza na ya pili haanzi upya, anaendelea alipoachia.

Halafu nenda ukakae kwenye benchi. Nasema kukaa, siku nzima, kama mtu anayesubiri zamu. Angalia akina mama wa Kitwa wanakaa wapi, nani anasogea wakikaribia, nani anaziba pua, nani anaitwa kabla yao ingawa amefika baada yao. Sikiliza wanaitwa jina gani. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna neno letu, "mbilikimo", tunalitamka kama si kitu. Mwenyewe analisikia kama kofi. Benet wa Mlima Elgon nao wanaitwa Wandorobo na majirani zao, na ukitaka mlango wa nyumba ya Mbenet ufungwe, mwite hivyo. Nimeona kliniki ambapo chanjo ipo, friji inafanya kazi, muuguzi yupo, na bado watoto wa jamii moja hawachanjwi, kwa sababu ya yanayosemwa kwenye foleni. Hapo hakuna bango litakalosaidia. Muuguzi aambiwe, kwa faragha na kwa heshima, na mtu anayefanya naye kazi. Mtu huyo ni wewe. Ukiogopa, nenda na msimamizi wa VHT.

Wale waliokuja mara moja wakakatika, waulize usiku wa siku ya sindano ulikuwaje. Mara nyingi jibu liko hapo. Mtoto alipata homa, akalia mpaka asubuhi, paja likavimba. Au baada ya wiki chache bega likatoa usaha pale ilipochomwa BCG, na bibi akasema mnaona, wamemwekea ugonjwa. Ile homa ya siku moja au mbili baada ya DPT ni ya kawaida. Kidonda cha BCG nacho hutoka chenyewe na kukauka chenyewe, kikaacha kovu. Kisiminywe, kisipakwe kitu. Ukimwambia mama mambo haya kabla ya sindano, usiku ule unakuwa ni ule uliomtabiria na neno lako linapata uzito. Asipoambiwa, anaona umemficha. Mfuate kesho yake asubuhi. Mlango mmoja, salamu moja, "Mtoto ameamkaje?" Katika miaka yangu yote sijaona kitu kinachorudisha watu kwa dozi ya pili kama hicho.

Kuhusu siku na saa. Mama anayelima kibarua akiacha shamba la watu siku moja, siku hiyo nyumbani hawali. Wewe unamwomba chakula cha jioni ya watoto wake, mara tano au sita kwa mwaka na nusu. Fika asubuhi sana kabla hawajatawanyika, au siku ya soko, na epuka wiki za kupanda na kuvuna. Zaidi ya yote, fika siku uliyosema. Kule Udaipur, India, watafiti waliokuja kupata tuzo ya Nobel mwaka 2019, Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walipima jambo hili pamoja na wenzao. Vijijini ambako hakukuongezwa kitu, watoto waliokamilisha chanjo walikuwa asilimia 6. Walipopeleka huduma kijijini kila mwezi, siku ile ile bila kukosa, wakafika 18. Walipoongeza kilo moja ya dengu kwa kila chanjo na sahani kwa anayemaliza, wakafika 39.

Watu hupenda kusimulia habari ya dengu. Mimi huanza na ile 18, kwa sababu ilipatikana kwa kutimiza ahadi tu. Dengu nazo sizidharau. Ukiweza kupata sufuria ya uji kwa watoto wanaosubiri, au kipande cha sabuni, toa bila kuona aibu. Mtu aliyepoteza kibarua cha siku hahongwi kwa kikombe cha uji. Ila usiahidi usichokuwa nacho mwezi ujao.

Kuna uvumi utausikia, kama hujausikia tayari: sindano za wajawazito na wasichana zinaziba kizazi. Kila kabila Uganda limewahi kuusikia. Ila kwa jamii ndogo unaingia kwa njia nyingine. Muganda akiambiwa "wanataka kutumaliza", anatazama kulia na kushoto anaona mamilioni ya Waganda. Mtwa, au Mu-Ik wa kule Karamoja, anaona kaya chache juu ya mlima. Usicheke uvumi huo hata kidogo. Eleza sindano ya pepopunda inafanya nini, kwa sababu hoja yake ni nyepesi kushika. Mdudu wa pepopunda anaishi kwenye udongo na huingia kwa mtoto mchanga kupitia kitovu kilichokatwa kwa kitu kichafu. Hauambukizwi na jirani, kwa hiyo jirani kuchanjwa hakukusaidii. Anayezalia nyumbani kinga yake ni sindano aliyochomwa yeye mwenyewe, na kinga hiyo humfikia mtoto akiwa bado tumboni. Mwaka 2011 Uganda ilithibitishwa kuwa imeudhibiti ugonjwa huu kwa wajawazito na watoto wachanga, lakini udongo ni ule ule. Kisha mtafute mama wa pale pale aliyechomwa akazaa tena. Yupo. Mwache aseme yeye.

Hapo ndipo ninapotaka kukuuliza jambo, usikasirike. Umeniambia kaya 18, umeniambia muuguzi, umeniambia mwenyekiti. Hukunitajia Mtwa hata mmoja anayefanya kazi hii pamoja nawe. Mkunga wao ni nani? Bibi gani akisema "twende" vijana wanainuka? Kijana gani ana simu? Mtafute mmoja, mwanamke ikiwezekana, apewe nafasi kwenye timu ya VHT kwa jina lake, apate mafunzo na fulana na posho kama mnavyopata wenzake. Kusoma na kuandika kusiwe kikwazo, daftari utaandika wewe.

Na usimtafute mwema tu aliyekubali tangu mwanzo. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu wa Kisomali, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, mwaka 1977. Alifanya kazi hospitalini na bado aliikwepa chanjo, kwa kuogopa maumivu ya sindano. Alipona. Miaka mingi baadaye akawa anazunguka kuwashawishi wazazi wa Somalia wakubali chanjo ya polio, akiwasimulia alivyokimbia yeye. Mama aliyekimbilia shambani mwaka jana na leo anakuja, huyo ndiye wa kumtanguliza.

Akina baba sijawasahau, ingawa kwenu Kigezi sikuona wakiwa kizuizi kama nilivyoona Karamoja. Kule tulikwama mpaka tulipoacha kuanza na akina mama na kwenda kwa wazee kivulini. Wazee wale wanaijua chanjo kuliko sisi tulivyodhani, kwa sababu ng'ombe wao wamechanjwa miaka mingi. Sotoka waliiona ikimaliza mazizi, na waliona ilivyoisha. Mwaka 2011 ilitangazwa kutokomezwa duniani kote. Nilimuuliza mzee mmoja, sotoka iliondokaje? Akanieleza yeye, vizuri, mpaka kwa nini ndama wa mwaka ule lazima wachanjwe hata kama ugonjwa hauonekani. Nikamwambia surua ni hivyo hivyo. Hatukuhitaji mkutano mwingine. Watwa hawana mazizi, kwa hiyo mfano huu usiuchukue kama ulivyo. Waulize wazee wenu ugonjwa gani wa watoto wanaukumbuka kwa majina ya waliokufa, uanzie hapo.

Sasa mwenyekiti wa LC1. Anasema kweli kwamba sheria ipo. Sheria ya Chanjo ya 2017 inamtaka mzazi amchanje mtoto wake, na asiyefanya hivyo anaweza kutozwa faini au kufungwa, kifungo kinachoweza kufika miezi sita. Pia inadai kadi ya chanjo mtoto anapoandikishwa shule. Mimi si adui wa sheria hiyo. Lakini fikiria askari akiingia kwenye makazi ya watu waliotolewa msituni na askari. Utampata mtoto mmoja siku hiyo na utawapoteza ndugu zake wote watakaozaliwa baada yake. Mwombe mwenyekiti msaada wa aina nyingine: awaruhusu akina mama siku ya chanjo wasikatwe ujira na wenye mashamba, na aje mwenyewe na mjukuu wake achanjwe mbele ya watu. Ile kanuni ya kadi shuleni nayo iangalieni, isije ikawa ndiyo inayomzuia mtoto wa Kitwa kuingia darasa la kwanza. Akifika bila kadi, achanjwe na aandikishwe.

Nimalizie na mtoto wa miezi 11, maana wakati tunaandikiana yeye hana kinga. Bunagana ipo hapo. Tangu mapigano ya Juni 2022 mmeona wenyewe watu wangapi wanavuka, na surua haisimami kwenye kizuizi cha mpaka. Hajachelewa. Surua apewe sasa, bila kungoja kampeni, na siku hiyo hiyo apewe matone, DPT na chanjo ya nimonia alizokosa. Kuchomwa zaidi ya moja siku moja hakumdhuru. DPT inayofuata iwe baada ya wiki nne, na surua ya pili akifika miezi 18. Muulizie pia matone ya vitamini A.

Mpigie muuguzi siku moja kabla. Asubuhi mpitie mama nyumbani, mtembee pamoja, na wewe umbebe mtoto sehemu ya njia. Chukua viazi vya kuchemsha vya kula barabarani. Kwenye foleni kaa naye kwenye benchi lile lile, na zamu yake ikifika ingia naye.